Lenzi za Macho Usizikutanishe na Maji: Kuvaa, Kuvua na Kutunza

Wengi wanaokuja kliniki na macho yaliyoumizwa na lenzi ni watu wasafi sana. Wamezisuuza kwa maji ya bomba wakiamini wanazitakasa. Maji ya bomba, ya kisima, ya tangi na ya bahari huweza kubeba akanthamiba, kimelea kisichoonekana kwa macho. Kikinaswa chini ya lenzi huila konea, yaani kile kioo cha mbele ya jicho. Maumivu yake ni makali, tiba huchukua miezi, na wapo wanaopoteza uwezo wa kuona.

1. Mikono. Nawa kwa sabuni, suuza, kisha kausha kabisa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Kukausha ndiko wengi wanakokuruka. Siku ya kukata pilipili vaa glavu, maana ukali hubaki vidoleni hata baada ya sabuni, nawe utausikia usiku unapovua.

2. Upande. Iweke lenzi kwenye ncha ya kidole cha shahada. Ukingo ukisimama kama wa bakuli, iko sawa. Ukitanuka kwa nje, imepinduka. Iliyochanika itupe.

3. Kuvaa. Anza na jicho lilelile kila siku ili lenzi zisibadilishane. Vuta kope ya chini kwa kidole cha kati, mkono wa pili ushike kope ya juu. Weka lenzi, tazama chini, achia taratibu. Ikiteleza pembeni usihofu, haiwezi kupotelea nyuma ya jicho. Kuna utando unaoziba njia. Wanja upakwe baadaye.

4. Kuvua. Vua kabla ya kulala, hata kama ni usingizi mfupi wa mchana. Konea haina mishipa ya damu, hivyo sehemu kubwa ya oksijeni yake hutoka hewani. Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi mara 6 hadi 8. Vua pia kabla ya kuoga na kuogelea.

Kwa anayetawadha: vaa lenzi baada ya udhu wa alfajiri. Udhu unaofuata, fumba macho maji yanapopita usoni, na ujifute kabla ya kufumbua.

5. Kusafisha. Weka lenzi kiganjani, tia dawa ya kusafishia lenzi, sugua polepole kwa kidole, suuza kwa dawa hiyohiyo. Sugua hata kama chupa imeandikwa kuwa si lazima. Dawa ya jana iliyo kwenye kikasha cha kuhifadhia lenzi imwage yote. Ukiongezea mpya juu yake, nguvu hupungua. Maji ya chumvi ya famasi hayaui vijidudu, na mate ndiyo kabisa usithubutu. Kikasha nacho kisuuze kwa dawa, kifute, kiache wazi kifudifudi kikauke, na ununue kingine angalau kila miezi 3. Lenzi za siku moja hazihifadhiwi.

Lenzi za rangi za duka la vipodozi siziungi mkono hata kidogo. Hata lenzi isiyo na namba, yaani isiyorekebisha uoni, lazima ilingane na mpindo wa jicho lako, na huo hupimwa kliniki. Wala usiazimane na shoga yako.

Jicho likiwa jekundu, likiuma, likichukia mwanga au likiona ukungu, vua lenzi papo hapo na umwone daktari wa macho siku hiyohiyo. Bakteria aina ya Pseudomonas huweza kuharibu konea ndani ya siku moja au mbili. Usijinunulie matone yenye steroidi, yanaweza kuchochea maambukizi. Lenzi na kikasha njoo navyo bila kuviosha, maabara itavihitaji.