Somo: Kupanga kurasa na viungo vya ndani ili Google ifike kila ukurasa

Makala inaweza kuwa nzuri kabisa na bado isionekane Google, kwa sababu hakuna ukurasa mwingine wa tovuti hiyo unaoelekeza kwake. Roboti ya utafutaji, yaani programu ya Google inayosoma kurasa, hupita kiungo hadi kiungo, na viungo vinavyoingia kwenye ukurasa huionyesha uzito wake. Vigezo vimeongezeka sana tangu Larry Page na Sergey Brin walipoitoa PageRank, njia ya kupima uzito wa ukurasa kwa viungo vinavyouelekea, mwaka 1998, lakini hili limebaki. Kwa hiyo kabla hujaandika makala mpya, panga ulizonazo.

Hatua ya 1: Orodhesha kurasa zote. Fungua lahajedwali, weka anwani, mada, kundi na idadi ya viungo vinavyoingia. Idadi hiyo utaipata kwenye ripoti ya viungo ndani ya Google Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti. Kwa tovuti ndogo, ukurasa uliomo kwenye orodha yako lakini haumo kwenye ripoti hiyo, ushuku kuwa ni yatima, yaani hakuna ukurasa mwingine unaoelekeza kwake.

Hatua ya 2: Gawa makundi. Kila kundi liwe na ukurasa mama wenye maelezo mafupi na viungo vya makala zake zote. Tuseme tovuti ni ya ufundi wa baiskeli: "Breki" ni mama, "Kubadilisha waya wa breki" ni mtoto. Mtoto naye arudishe kiungo kwa mama. Kundi lenye makala moja au mbili, liunganishe na jingine. Lebo za WordPress (mfumo wa kuendeshea tovuti) ziangalie kwa makini: kila lebo huzaa ukurasa wake, na lebo yenye makala moja haina inachoongeza.

Hatua ya 3: Pima kina. Makala muhimu zifikiwe kwa mibofyo isiyozidi mitatu kutoka ukurasa wa mwanzo. Hiyo si sheria ya Google, ni kipimo kizuri cha kazi. Hesabu mibofyo, usihesabu mikwaju (alama za /) iliyo kwenye anwani.

Hatua ya 4: Weka viungo ndani ya makala. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Linganisha:

Dhaifu: "Kama waya umekatika, bofya *hapa*."
Imara: "Kama waya umekatika, fuata hatua za *kubadilisha waya wa breki*."

Maneno ya kiungo huieleza roboti ukurasa unaofuata unahusu nini. "Hapa" haielezi lolote. Usitumie maneno yaleyale kuelekeza kwenye kurasa mbili tofauti, maana unazishindanisha mwenyewe. Kiungo cha picha husomwa kupitia maandishi ya alt (maelezo ya picha yanayoandikwa kwenye msimbo), basi usiyaache wazi. Na kwenye HTML, yaani msimbo wa ukurasa, kiungo kiwe `<a href>` halisi: kitufe kinachotegemea onclick (amri ya JavaScript inayosubiri mbofyo) peke yake mtu atakibofya, roboti haitakifuata.

Ukichapisha makala mpya, rudi kwenye makala tatu hadi tano za zamani zinazohusiana nayo, uweke viungo vya kuja kwake. Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayozaa mayatima.

Hatua ya 5: Safisha. Rekebisha viungo vinavyoishia kwenye 404, yaani ukurasa haupatikani. Kiungo kinachopita 301 (uelekezaji wa kudumu kwenda anwani nyingine) mbili au tatu kielekeze moja kwa moja kwenye anwani ya mwisho. Kisha wasilisha kwa Google sitemap, yaani faili lenye orodha ya anwani za kurasa zako. Faili moja hubeba hadi anwani 50,000 au MB 50 kabla ya kubanwa. Sitemap husaidia ukurasa kugunduliwa, haichukui nafasi ya viungo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, ukurasa mmoja uwe na viungo vingapi?*
Hakuna idadi rasmi. Zamani Google ilishauri visizidi 100, ushauri huo ukaondolewa. Weka kiungo pale msomaji anapokihitaji. Aya yenye viungo sita haisomeki.

*Nimeuzuia ukurasa kwa robots.txt (faili linaloiambia roboti isiingie wapi) na pia nimeweka noindex (alama ya kutoorodheshwa Google), mbona bado unaonekana?*
Umeifungia roboti mlango, kwa hiyo haiwezi kuingia kuisoma hiyo noindex. Anwani ikitajwa kwingine, Google inaweza kuiorodhesha bila kuusoma ukurasa. Ondoa zuio, acha noindex, subiri roboti iupitie ukurasa tena.

*Nikiweka nofollow (alama ya kuiambia Google isikipe kiungo uzito) kwenye viungo vya "Wasiliana nasi", kurasa nyingine zitapata nguvu zaidi?*
Hapana. Google ilieleza tangu 2009 kwamba nguvu ya kiungo hicho haihamii kwa vingine.

*Nibadilishe anwani za zamani zifuate makundi mapya?*
Kama zinafanya kazi, ziache. Kundi hujengwa kwa viungo. Ukilazimika, elekeza kila anwani ya zamani kwa 301 kwenye mrithi wake hasa, usizitupe zote ukurasa wa mwanzo. Iache 301 hiyo angalau mwaka mmoja, na ubadilishe viungo vya ndani siku hiyohiyo.

*Kwenye simu nimepunguza menyu, kuna shida?*
Ipo, kama viungo vimeondolewa kabisa, kwa sababu Google husoma toleo la simu. Vikiwa vimekunjwa tu lakini vimo kwenye HTML, roboti inaviona.