Visasili, istiara na utopia darasani: anza na kisa, maana zitakuja

Jamani, tuache ile ya kuingia darasani na kuandika ubaoni "kisasili ni...", maana hapo wengine washaanza kusinzia. Anza na Fumo Liyongo, yule shujaa wa masimulizi ya kale ya Waswahili. Wasimulie vile alivyofungwa, mama yake akamtuma mjakazi Saada na mkate wa wishwa uliofichwa tupa, kile chuma cha kukerezea, ndani yake, walinzi wakala vyakula vizuri wakauacha ule wa wishwa, nani anataka wishwa bwana, halafu ngoma zinalia huko nje jamaa anakata minyororo. Nenda moja kwa moja hadi kifo chake, sindano ya shaba kitovuni, aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Sasa uliza: kwa nini shujaa wa kiasi hicho apewe sehemu moja tu ya kufa, na kwa nini siri aitumie mtoto wake? Kaa kimya, waache wabishane. Hicho ndo kisasili, hadithi ya kale ambayo jamii inaeleza kupitia kwayo imani na asili yake, jina utawapa baadaye.

Kwenye istiara, yaani hadithi inayosimulia jambo moja huku ikimaanisha jingine, chukua riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert, imetoka 1951, Waingereza bado wanaitawala Tanganyika. Nchi inaelea angani, Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, mshtaki wake Majivuno, na wajumbe sita waliotumwa nje wakirudi na mawazo mazuri wanaishia jela. Gawa darasa vikundi sita, kila kikundi mjumbe mmoja, wasome safari yake kisha waje kumtetea mbele ya baraza. Majivuno mpe yule mbishi wa darasa, utafurahi mwenyewe.

Shida moja itakuja tu: watataka kila mhusika awe mtu fulani wanayemjua, "Majivuno ni waziri fulani," basi wamemaliza. Mimi nadai ukurasa wa kitabu. Mwanafunzi hana sentensi ya kitabu inayobeba dai lake, jibu halihesabiki. Na uwaulize pia mwandishi alikuwa anajificha nani asimwone, hapo ndo mjadala unanoga.

Utopia sasa, yaani nchi ya kufikirika isiyo na kasoro. Waandike nchi yao, ukurasa mmoja, sheria tano. Wengi wataandika hakuna ada, hakuna viboko, wifi bure, sawa, usiwakatize. Wakimaliza waulize nani anazoa taka huko, na asiyetaka kutii anafanywaje? Halafu wabadilishane karatasi, kila mmoja aandike barua ya raia anayeomba ruhusa ya kuhama nchi ya mwenzake, na mwenye nchi aijibu kwa sheria zilezile alizoziandika.