Somo: Siku moja Barossa, kuonja mvinyo na kula vizuri

Kila mgeni anayekuja kwangu Adelaide, mji mkuu wa jimbo la Australia Kusini, huniuliza mambo mawili: kangaruu wako wapi, na tunaenda lini Barossa. Ya kangaruu nitaandika siku nyingine. Leo ni Barossa, bonde lililo mwendo wa kama saa moja kwa gari kaskazini-mashariki mwa Adelaide. Miji yake midogo ya kushika kichwani ni Lyndoch, Tanunda, Nuriootpa na Angaston.

Hatua ya 1: Chagua wakati

Mavuno ni Februari hadi Aprili. Mizabibu ya hapa huzaa mara moja tu kwa mwaka, si kama ya Dodoma inayovunwa mara mbili, kwa hiyo ukitaka kuona zabibu shambani usikose miezi hiyo. Januari jua linaweza kupita nyuzi 40. Kuna pia sherehe ya mavuno, Barossa Vintage Festival, iliyoanza 1947 na sasa hufanyika kila baada ya miaka miwili, karibu na Pasaka. Inapendeza, ila malazi hujaa mapema mno.

Hatua ya 2: Amua nani anaendesha

Hili liamueni mkiwa bado nyumbani. Kiwango cha kisheria kwa dereva mwenye leseni kamili ni chini ya asilimia 0.05 ya alkoholi kwenye damu, na mwenye leseni ya kujifunzia au ya muda haruhusiwi hata tone. Piga hesabu: kionjo kimoja ni kama mililita 30. Shiraz ya Barossa, mvinyo mwekundu unaoipa sifa, mara nyingi ina alkoholi asilimia 14 na zaidi, kwa hiyo vionjo vitatu tu vimeshafika gramu 10 za alkoholi, ambayo hapa ndiyo inahesabiwa kuwa kinywaji kimoja kizima. Sehemu moja watakupa vionjo vitano au sita. Malizia hesabu mwenyewe.

Hatua ya 3: Sehemu tatu, basi

Mara yangu ya kwanza nilipanga sehemu sita. Kufika ya nne nisingeweza kutofautisha Shiraz na juisi ya rozela, na bado nilinunua chupa mbili ambazo mpaka leo sijui nilizipendea nini. Tatu zinatosha: moja asubuhi, mbili baada ya chakula. Weka nafasi mapema. Sehemu nyingi hutoza ada ya kuonja, na nyingi hukurudishia ukinunua chupa. Uliza kabla ya kukaa.

Hatua ya 4: Kula kwanza

Wengi huruka hatua hii, na kwangu ndiyo nusu ya safari. Waluteri wa Kijerumani kutoka Silesia, waliokimbia kuingiliwa ibada yao na mfalme wa Prussia, walianzisha kijiji cha Bethany mwaka 1842. Mizabibu imebaki, na jiko lao limebaki pia. Tanunda kuna Apex Bakery, inayooka tangu 1924 kwa tanuri la kuni. Agiza streuselkuchen, keki ya hamira yenye chengachenga za siagi na sukari juu. Kwenye bucha utakuta mettwurst, soseji ya kuvutwa moshi inayoliwa baridi kwa mkate na matango ya siki.

Ukiweza, nenda Jumamosi asubuhi, soko la wakulima la Angaston linapokuwa wazi. Wahi, maana kufikia saa sita mchana wanakuwa wameshafunga. Mkate, jibini, mizeituni, matunda ya msimu: nunua, weka kwenye buti, mtakula juu ya kilima cha Menglers mkilitazama bonde lote chini yenu.

Hatua ya 5: Onja kwa utaratibu

Anza na mweupe, umalizie na mtamu mzito. Shika glasi kwenye mguu wake, izungushe, nusa, kisha chukua funda dogo ulitembeze mdomoni. Halafu tema. Ndoo ipo mezani kwa kazi hiyo.

Riesling, mvinyo mweupe wa Eden Valley, kule juu kwenye ubaridi, ni kali na kavu. Mimi husikia ndimu iliyokatwa sasa hivi. Shiraz ya bondeni ni zambarau na pilipili manga. Ule mkauko unaobaki kwenye fizi ndio tanini, ileile ya chai ya rangi iliyoachwa na majani yake. Ukipewa maelezo ya matunda usiyoyajua, usijifanye unayasikia. Sema unachosikia wewe. Niliwahi kumwambia mhudumu "zambarau", ikabidi nimweleze zambarau ni nini, na mazungumzo yakanoga kuliko mvinyo wenyewe.

Hatua ya 6: Usiingie shambani na viatu vyako

Hata kwa picha. Karne ya 19 kidudu kiitwacho filoksera, kinachofyonza mizizi, kiliangamiza mizabibu ya Ufaransa na sehemu kubwa ya Ulaya. Mwaka 1877 kilionekana Geelong, katika jimbo jirani la Victoria. Australia Kusini hakijafika, na ndiyo maana watengeneza mvinyo wa Langmeil, pale Tanunda, wana mizabibu ya Shiraz iliyopandwa 1843 inayozaa hadi leo. Tangu 2009 Barossa wana madaraja ya umri wa mizabibu: miaka 35, 70, 100 na 125. Kidudu hicho husafiri kwenye udongo wa soli. Simama njiani, omba ruhusa.

Hatua ya 7: Malizia Seppeltsfield

Shamba hili la mvinyo lilianza 1851. Mwaka 1878 waliweka pipa la mvinyo mtamu kwa sharti lisiguswe kwa miaka 100, na kila mwaka tangu hapo huweka jingine. Hata kabla ya miaka 100 kutimia, unaweza kulipia kuonja kidogo kutoka pipa la mwaka uliozaliwa. Kionjo ni kidogo na bei si ndogo, ila kwa siku ya kuzaliwa naona inalipa: tende, sukari guru iliyoungua kidogo, na harufu isiyotoka kwenye glasi tupu. Barabara ya kuingilia ina mitende zaidi ya 2,000. Ilipandwa wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, ili wafanyakazi wasikae bila kazi.

Maswali ya wanachama

*Dada, mimi ni Muislamu, mume wangu rafiki zake wanakwenda. Nitakaa garini?*

Usikae garini, mpenzi. Nenda sokoni Angaston, na duka la mpishi maarufu Maggie Beer karibu na Nuriootpa. Huko wana verjuice, maji makali ya zabibu mbichi yasiyochachushwa, mazuri kwenye samaki badala ya ndimu. Nyama za kuvutwa moshi ziache. Nyingi ni nguruwe.

*Sina gari. Kuna usafiri?*

Treni ya mjini inakufikisha Gawler, kisha unapanda basi. Mabasi ni machache, hasa wikiendi, kwa hiyo angalia ratiba ya kurudi kabla ya kwenda. Mkiwa wanne, gari la ziara lenye dereva linaleta nafuu.

*Kutema mbele ya mwenyeji si dharau? Kwetu ungefukuzwa.*

Hata mimi ilinichukua muda! Watengeneza mvinyo wenyewe hutema siku nzima. Tema tu, ukiinamia ndoo.

*Mama anakuja kutoka Morogoro, anataka kuniletea dagaa na mbegu za mchicha. Nimwambieje?*

Mbegu aziache. Dagaa, na chakula kingine chochote, aandike kwenye fomu ya kuingia na awaonyeshe maofisa. Wakikataa, watachukua tu. Akificha, faini ni kubwa. Na mkija kwa gari kutoka jimbo jingine, matunda yaleni kabla ya mpaka, maana Australia Kusini wanazuia nzi wa matunda.

*Chupa nazibebaje kurudi Nairobi?*

Begi la kupakiwa, si la mkononi. Soksi kwanza, kisha kitenge, katikati ya nguo. Yangu moja ilipasuka kwa sababu niliweka viatu juu yake.