Mwenzako akiandika "nimechoka": namna ya kumjibu

Kundi letu ni la watu wanaouguza wazazi wao nyumbani. Wengi wetu hatujawahi kuonana. Tunajuana kwa meseji, kwa sauti, na kwa zile saa za usiku ambazo kila mmoja yuko macho na mgonjwa wake. Mama yangu ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na mimi ndiye admini, kwa hiyo karibu kila siku nasoma mtu akiomba msaada na wenzake wakimjibu. Kama nawe una marafiki wa mbali mnaoandikiana shida zenu, nina jambo moja la kukusihi: usijibu kabla hujajua mwenzako anaomba nini.

Usiku mmoja dada mmoja aliandika: "Mama hajalala tena leo. Anatafuta viatu aende kazini." Majibu yakamiminika. Mmoja akataja dawa ya usingizi aliyopewa baba yake, mwingine akashauri mama ahamishwe chumba, wa tatu akaandika aya nzima kuhusu kupunguza kelele jioni. Yule dada kimya. Kisha kaka mmoja, ambaye huandika kwa nadra, akamwuliza: "Na wewe, dada, umelala?" Hapo ndipo alipofunguka. Mbinu zote alikuwa anazijua. Kilichokuwa kinamuuma ni kwamba alikuwa amemfokea mama yake, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Mwaka 1981 mwanasosholojia wa Marekani, James House, aliugawa msaada katika mafungu manne: wa moyo, wa vitendo, wa taarifa, na ule wa kumsaidia mtu apime mwenyewe kama anachofanya ni sawa. Yule dada alihitaji la kwanza na la nne, akapewa la tatu tupu. Ndiyo maana siku hizi tunauliza kwanza: "Nikusikilize tu, au tutafute njia?" Usione haya kuuliza. Anayelia hatachukia kuulizwa hivyo. Anachochoka nacho ni kujieleza upya kwa kila anayekuja na dawa yake.

Akisema umsikilize, basi msikilize. Rudia alichosema kwa maneno yako ili ajue kimefika: "Kwa hiyo umekesha, halafu asubuhi ukaingia kazini vilevile." Acha kumwambia ajikaze, au kwamba kuna wenye hali mbaya kuliko yake. Utani nao uweke kando. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2005 waligundua kwamba mtu anayeandika barua pepe hudhani kejeli na hisia zake zitaeleweka zaidi ya zinavyoeleweka kweli, na meseji za simu hazina tofauti kubwa. Kama una neno linalotaka sauti ya upole, litume kwa sauti, lakini fupi. Anayemgeuza mgonjwa kitandani hana nafasi ya kusikiliza rekodi ndefu.

Akitaka njia, anza na "umeshajaribu nini?" ndipo useme yako. Aisifuye mvua imemnyea, na mimi huamini zaidi ushauri wa mtu anayesema alifanya nini, ikawaje, na hali yake inatofautiana wapi na yangu. Jibu nililolipenda kuhusu vile viatu lilikuja siku ya pili: "Kwetu simbishii. Namwuliza kazini alikuwa anafanya nini, tunazunguka sebuleni akinisimulia, kisha narudi naye kitandani. Ila mama yangu anatembea polepole. Wako kama ana nguvu, hakikisha kwanza mlango wa nje umefungwa." Sentensi hizo mbili za mwisho ndizo zinazofanya ushauri uwe salama kwa mtu mwingine.

Dawa ni mpaka ambao kwenye kundi letu hauvukwi. Unaweza kusema mzazi wako alipewa nini na kumshauri mwenzako aulize kwa daktari wake. Usitaje vidonge vingapi. Dawa nyingi za usingizi humwongezea mzee mkanganyiko na hatari ya kuanguka, na wewe uliye mbali hujui anatumia nini kingine.

Halafu kuna ile kauli ya "ukihitaji chochote niambie". Husemwa kwa moyo mweupe, lakini inamwachia aliyelemewa kazi ya kufikiria akuombe nini. Taja kitu na saa: "Kesho jioni nina nafasi. Nitumie picha ya fomu tuijaze pamoja." Kwa mbali mtu anaweza kufanya mengi: kumwandikia mwenzake rasimu ya barua ya kuomba ruhusa kazini, kumpangia maswali ya kumwuliza daktari, au kukaa naye kwenye simu wakati anasubiri majibu ya vipimo. Usipoweza, sema mapema: "Leo nimezidiwa, naomba mwingine amshike." Hakuna anayelaumiwa kwa hilo kwetu.

Siri ni jambo fupi. Usinakili wala kupiga picha ya skrini ukaipeleka kwingine bila ruhusa, na usiweke picha ya mgonjwa ambaye hawezi tena kukubali au kukataa.

Mtu akiandika "heri nisiwepo", acha mengine yote. Mwulize waziwazi, pembeni, si mbele ya kundi: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, mara nyingi humpa nafasi ya kulitua. Usimwahidi kwamba utaficha. Baki naye kwenye simu huku mwingine akimtafuta mtu wa karibu anayeweza kumfikia kwa miguu, na kama hatari ni ya sasa hivi, ipigwe namba ya dharura ya mahali alipo. Kwa sababu hiyo kila anayejiunga nasi hunipa namba ya ndugu au jirani mmoja. Ninawasihi wenye makundi kama letu wafanye hivyo leo, kabla hamjaihitaji.

Nawe unayeomba, turahisishie. Andika umeshajaribu nini, na swali liwe moja. Kama hutaki ushauri, anza na hilo: "Leo nataka kuwaambia tu." Watu wataheshimu. Na ukishajaribu ulichoambiwa, rudi useme kilivyokwenda, hata kama hakikufaa kitu. Yule dada alirudi wiki iliyofuata akaandika kwamba kuzunguka sebuleni kulisaidia siku mbili, ya tatu mama akakataa, ikabidi viatu viwekwe mahali asipoviona. Mtu mwingine mwenye mzazi anayetaka kwenda kazini usiku akitafuta neno "viatu" kwenye meseji zetu za zamani, atakuta mbinu zote mbili, pamoja na ile iliyoshindikana.