Kumtunza paka mwenye virusi vya lukemia

Virusi vya lukemia (saratani ya damu) ya paka haviambukizi binadamu wala mbwa, kwa hiyo jirani akikushauri umtupe paka wako kwa kuwahofia watoto, mjibu kwa upole kwamba hofu hiyo haina msingi. Wanaohitaji kukingwa ni paka wenzake, kwa kuwa virusi hivyo hukaa zaidi kwenye mate, na paka huambukizana wanapolambana, wanapokula chombo kimoja au wanapong'atana.

Kwanza, mwombe daktari wa mifugo arudie kipimo baada ya wiki kadhaa. Kuna paka ambao miili yao huvidhibiti virusi baada ya maambukizi ya awali, na haifai kukata shauri kwa kipimo kimoja.

Ikithibitika, paka abaki ndani. Hili si jepesi Mtwara, ambako paka wa mitaani hupigania matumbo ya samaki kila boti zinaposhusha mzigo, na joto la Desemba halikuruhusu kufunga madirisha. Njia nafuu ni kuweka wavu dirishani. Hata kipande cha nyavu kuukuu ya uvuvi yenye matundu madogo kinafaa, mradi kikazwe kwa mbao nyembamba na misumari pande zote nne, kwani paka hujaribu pembe kwanza. Akiwa bado na afya, ahasiwe, au afungwe kizazi ikiwa ni jike, ili tamaa ya kutoroka ipungue.

Kwa kuwa virusi hivi hudhoofisha kinga ya mwili wake, usimpe samaki wala nyama mbichi, hata kama ndicho alichozoea. Chemsha samaki bila chumvi wala kitunguu (kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu, ambazo tayari anaweza kuwa na upungufu wake), toa miba, kisha umbadilishie mara kwa mara kwa kuku. Ugali uliolowekwa mchuzi, ambao paka wengi wa kwetu hupewa, haumtoshi hata kidogo, kwani paka ni mla nyama.

Viroboto wadhibitiwe, lakini kamwe si kwa dawa ya mbwa yenye permethrini, ambayo ni sumu kwa paka. Parasetamoli nayo humuua, hata kipande kidogo.

Kila wiki mkalishe karibu na mlango penye mwanga wa mchana, umwinue mdomo wa juu taratibu kwa kidole gumba, utazame fizi. Zikiwa nyeupe au za manjano badala ya waridi, damu imepungua au ini lina hitilafu. Ikiwa fizi zake ni nyeusi kwa asili, tazama ulimi. Papasa pia shingo na makwapa kutafuta uvimbe, na mgongo kujua kama amekonda.

Hakuna dawa ya kuviondoa virusi, na paka wengi ambao ugonjwa umewashika huishi miaka michache tu baada ya kugunduliwa. Mpeleke kwa daktari kila miezi 6 hata akionekana mzima. Akisusa chakula siku nzima, au akipumua kwa shida, mpeleke siku hiyohiyo.