Tovuti Zinapokataa Kufunguka: Kutafuta Hitilafu Kuanzia DNS hadi Kivinjari

Kivinjari kinapotoa ujumbe kwamba tovuti haipatikani, wengi hukimbilia kubadilisha mipangilio ovyo, na hitilafu moja ikazaa nyingine. Ni heri kutambua kwanza kilichokatika ni kipi: njia ya intaneti yenyewe, utafutaji wa majina, au kivinjari.

DNS, mfumo uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, ndio unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba ambayo kompyuta huitumia kuifikia seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti hiyo. Mfumo huu ukikwama, intaneti inaweza kuwa hai kabisa na bado usifungue ukurasa hata mmoja.

Fungua dirisha la amri (kwenye Windows, tafuta cmd) uandike ping 8.8.8.8, amri inayoijaribu njia ya kufikia seva ya umma ya Google kwa namba, bila kupitia DNS. Majibu yakirudi, njia i hai. Yasiporudi, kagua nyaya na Wi-Fi, kisha zima ruta (kifaa kinachokuunganisha na intaneti), subiri nusu dakika, uiwashe tena. Anwani ya kompyuta yako, inayoonyeshwa na amri ipconfig, ikianza na 169.254, kompyuta haijapewa anwani na ruta, kwa hiyo kuhangaika na DNS kwa wakati huo ni kupoteza muda.

Njia ikiwa hai, andika nslookup example.com, amri inayoiuliza seva ya DNS anwani ya jina hilo. Jibu lisipopatikana, rudia kwa nslookup example.com 1.1.1.1, amri ambayo huiuliza seva nyingine bila kubadilisha chochote kwenye kompyuta. Hatua hii naithamini kuliko zote, kwa sababu seva ya pili ikijibu huku ile ya kwanza ikinyamaza, umeshajua kwamba kasoro iko kwenye seva ya DNS unayoitumia kila siku, au kwenye ruta inayokupelekea maswali huko. Hapo unaweza kuingia kwenye mipangilio ya mtandao na kuweka seva za umma za Cloudflare, 1.1.1.1 na 1.0.0.1, au za Google, 8.8.8.8 na 8.8.4.4, baada ya kuandika pembeni mipangilio ya awali. Tahadhari moja: kompyuta inayotumia VPN ya kazini (njia ya siri ya kuunganishwa na mtandao wa ofisi) huhitaji seva za huko, kwani majina ya ndani ya ofisi hayajulikani na seva za umma.

Ikiwa tovuti moja tu ndiyo inayogoma, hasa iliyohamia seva mpya karibuni, huenda kompyuta bado imehifadhi anwani ya zamani. Ifute kwa ipconfig /flushdns.

Endapo nslookup inajibu vizuri lakini kivinjari kinakataa, jaribu dirisha la faragha au kivinjari kingine. Kikifungua, zima viendelezi (programu ndogo zilizoongezwa kwenye kivinjari) kimoja kimoja, na uangalie mipangilio ya DNS salama, yaani DNS iliyosimbwa, kwa kuwa Firefox na Chrome zinaweza kutumia seva nyingine bila kufuata ile ya kompyuta. Kagua pia kama kuna proksi (seva ya kati inayopitisha mawasiliano yako) iliyoachwa imewashwa. Onyo kuhusu cheti cha usalama kwa kila tovuti mara nyingi hutokana na tarehe au saa isiyo sahihi. Irekebishe badala ya kulipuuza onyo hilo.

Mwisho, linganisha anwani inayotolewa na ping na ile ya nslookup kwa jina lilelile. Zikitofautiana, fungua faili la hosts, orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, lililomo katika C:\Windows\System32\drivers\etc, ambalo ping hulisoma na nslookup hulipita. Ukikuta humo mstari wenye jina la tovuti inayokataa, na si wewe uliyeuweka, hifadhi nakala ya faili, uondoe mstari huo, kisha uikague kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi.