Mparachichi unanyauka na udongo umeloa: chimba kabla ya kumwagilia

Masika yakikaribia kuisha, utaukuta uani mparachichi wenye majani madogo yaliyopauka, yananing'inia kama mti una kiu. Ncha za matawi ya juu zimebaki kavu, na pengine umejaa matunda mengi madogo madogo. Mwenye nyumba hufungua bomba, na miti mingi hufia hapo, kwa sababu mti wenye mizizi iliyooza hunyauka sawasawa na mti wenye kiu. Tofauti iko chini ya ardhi.

Mizizi inayonyonya maji iko sentimita 20 hivi za juu, wala haiko shinani. Nenda pale kivuli cha matawi cha saa sita mchana kinapoishia, ingia ndani hatua moja, kisha fukua taratibu kwa uma wa bustani pande tatu za mti. Tafuta mizizi myembamba, si ile minene. Ikiwa mizima ni myeupe kama maziwa na inapinda bila kukatika. Ikiwa myeusi na inavunjika ukiigusa, au huioni kabisa ilhali udongo ni mbichi, mti una ugonjwa wa kuoza mizizi. Kimelea chake, Phytophthora cinnamomi, hutoa mbegu zinazoogelea kwenye maji yaliyotuama katikati ya chembe za udongo. Bila maji ya kutuama kinadhoofika sana.

Kwa hiyo pima udongo unavyopitisha maji. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze, liache likauke, lijaze tena. Maji yakishuka pungufu ya sentimita 2 kwa saa, hapo pana shida, na dawa peke yake haitaiondoa. Fuatilia pia maji yanatoka wapi: bomba la sinki au bafu, paa lisilo na mfereji, au mfereji wa kumwagilia unaopita kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani. Migomba hufurahia maji hayo, mparachichi hauyawezi.

Mizizi ikiwa mizima, rudi kwenye majani. Machanga yakiwa ya manjano huku mishipa imebaki kijani, mti umekosa madini ya chuma. Hutokea sana karibu na msingi wa nyumba palipofukiwa mabaki ya saruji na chokaa. Makubwa yakiungua ncha na kingo, shuku chumvi ya maji ya kisima au mbolea iliyozidi. Samadi mbichi ya kuku nayo huunguza mizizi.

Kwa mizizi iliyooza, anza na maji. Geuza bomba, na upande wa juu wa mteremko, kabla ya kufika kwenye mti, chimba mtaro wa kina cha sentimita 40 hadi 50 unaopeleka maji pembeni, nje ya eneo la mizizi. Usimwagilie tena mpaka udongo wa sentimita 15 chini uwe umeanza kukauka mkononi. Tandaza vipande vya matawi, majani makavu na maganda ya kahawa, unene wa sentimita 10 hadi 15, ukiacha sentimita 20 wazi kuzunguka shina ili gome lisioze. Vijidudu vya matandazo hayo hushindana na kimelea, na mizizi mipya huota humo humo. Usilime chini ya mti.

Kata matawi yaliyokufa mpaka ufike kwenye mti mbichi, kisha ondoa matunda mengi: mizizi michache haiwezi kulisha mzigo wote. Matawi yaliyobaki wazi juani yapake chokaa nyeupe iliyokorogwa na maji, la sivyo gome litapasuka.

Dawa inayosaidia ni fosfiti ya potasiamu. Isome vizuri dukani, maana fosfeti ya mbolea ya DAP ni kitu kingine na haitibu. Pulizia majani ya chipukizi yakishakomaa. Majani machanga huvuta utomvu juu, yaliyokomaa huupeleka mizizini, na dawa husafiri nao. Kipimo ni cha kwenye lebo. Ukisita, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tengeru au mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, wako hapa hapa Arusha.

Jembe na buti vilivyogusa udongo huo vioshe matope yote, kisha vitie kwenye maji sehemu 9 na dawa ya klorini ya kufulia sehemu 1, kabla ya kwenda mti mwingine. Hatua hii hurukwa sana, na kuiruka ndiko kunakosambaza ugonjwa.

Subiri mwaka mmoja au miwili. Dalili ya kwanza ya kupona ni chipukizi lenye majani mapana. Mti uliopoteza zaidi ya nusu ya matawi mara nyingi haurudi. Ung'oe, panda migomba pale, na mparachichi mpya upande mahali pengine, juu ya tuta la nusu mita. Kitaluni omba kuona mizizi ya mche kabla hujalipa. Ikiwa ina weusi, uache.